Kusitishwa kwa Ziara ya Radi Kavu na Kurejeshwa kwa Sufuria Yangu

Kwa Meneja wa Ziara,
Bendi ya Radi Kavu,
Popote mlipo leo.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: MALALAMIKO RASMI NA OMBI LA KUSITISHA ZIARA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, umekula, na umevaa fulana ya ndani kama inavyotakiwa huko kwenye baridi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa hayo yatakayofuata.

Kwanza nieleze kwamba nakuandikia kama Meneja, si kama mdogo wangu wa tumbo moja. Ningetaka kuzungumza na mdogo wangu ningempigia simu, naye angenyamaza mpaka nimalize, kama tulivyolelewa. Lakini kila nikikupigia uko kwenye kikao, au uko uwanja wa ndege, au gari limeingia kwenye handaki. Hakuna kiumbe anayepita kwenye mahandaki mengi kiasi hicho isipokuwa panya. Kwa hiyo nimeamua kufuata njia za kiofisi, na wewe nakuomba unisome kiofisi, ukiwa umekaa.

Utakumbuka kwamba Radi Kavu ilizaliwa kwenye chumba changu cha nyuma, ninapoweka majora ya vitambaa vya mapazia. Mwanangu Kitinda, mpwa wako, ambaye leo ndiye mwimbaji na dunia nzima inamfukuzia kwenye mahoteli, aliniambia kwamba vitambaa vinameza kelele. Vilimeza kidogo, nyingine tulimeza sisi. Yule kijana wa gitaa mnayemwita Kamba Tatu alisimama kati ya mahameli na mapazia ya bafuni. Mpiga dramu, Tofali, alikalia gunia langu la sponji mpaka likapata umbo lake, na mpaka leo mto wowote ninaoshona kwa sponji ile unakaa upande. Sikulalamika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nilimchelea nikijua kabisa walichosema wahenga.

Kisha ukaja wewe na suti yako, ukasema unawachukua kwa miji michache tu, halafu mnarudi. Nikamnyooshea Kitinda mashati. Sasa nasikia redioni, si kwako, kwamba kuna awamu ya pili ya ziara, nchi zimeongezwa, viwanja vimejaa kabla tiketi hazijachapishwa, na yote hayo ni kwa sababu ya wimbo mmoja uitwao "Sufuria Haijioshi". Malalamiko yangu kuhusu wimbo huo na ziara hiyo ni haya:

1. Maneno ni yangu. Sina haja ya kuita mashahidi. Mtaa mzima ni shahidi, ingawa baadhi yao walihama. "Sufuria haijioshi" niliisema kila Kitinda alipokula akaacha chombo mezani. "Ukiitwa, itika" niliisema nikiwa jikoni na yeye chumbani, na kati yetu ukuta mmoja tu. "Hapa si hotelini" haihitaji maelezo. Ubeti wa pili wote ni siku ile ya maharage yaliyoungua, neno kwa neno, hata pale nilipopaliwa na moshi. Na ile sehemu ambapo magitaa yananyamaza, yeye ananong'ona "Nahesabu mpaka tatu... moja... mbili...", halafu Tofali anaangusha ngoma na watu wanazimia, hiyo nayo ni yangu. Mimi nilihesabu hivyo tangu hajaota meno ya pili, na nilipofika mbili na nusu hakuzimia mtu. Inasemekana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilimfunza. Wahenga hawakutuambia mama afanye nini pale mtoto anapoondoka na mafunzo yake kwenda kuufunza ulimwengu, tena kwa viingilio.

2. Nyumbani maneno yamekufa. Juzi nilimwambia binti yangu, yule nesi, kwamba sufuria haijioshi. Badala ya kuinuka, akanipokea kwa sauti ya pili. Sauti ya pili, Ndugu Meneja, na aliipatia. Baba watoto naye, ambaye unajua ni kinyozi na mtu wa heshima zake, akaingia kwa vijiko viwili juu ya meza. Nilipowaambia hapa si hotelini, wakainua mikono juu wakaipepea. Sufuria ikabaki pale pale.

Huyo baba watoto, tuseme ukweli, ameharibika. Analipiga gitaa la Kamba Tatu kwa mdomo huku mashine ya kunyolea iko mkononi. Wiki iliyopita alifumba macho kwenye sehemu ile ndefu inayopanda juu, na alipofumbua, kichwa cha mteja wake wa siku nyingi kilikuwa na barabara kutoka sikioni hadi utosini. Mzee wa watu alikuwa anakwenda kumwoza binti yake. Picha zote za harusi amevaa kofia.

3. Dukani kwangu sijui tena nauza nini. Alikuja mama mmoja, mtu mzima, amevaa vizuri. Nikamwuliza dirisha lake lina upana gani. Akasema hakuja kwa ajili ya dirisha. Amesafiri siku mbili, kwa basi na kwa treni, ili nimgombeze kidogo. Nikakataa. Akasema basi hata sentensi moja. Nikamwuliza mtu na akili zake timamu anawezaje kuacha nyumba siku mbili kufuata maneno makali kwa fundi wa mapazia, huko kwao hakuna hata mtu mmoja anayemjali kiasi cha kumgombeza? Akalia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, akashukuru, akaondoka. Kumbe nilikuwa nimeshamgombeza. Tangu siku hiyo wanakuja na wanapanga foleni, mpaka wale wanaotaka mapazia kweli wanaona haya kusema.

4. Hili la nne ukilisoma umesimama, kaa. Mashabiki wenu wameanza kuniachia masufuria machafu mlangoni. Ati ni ishara ya heshima, kama vile wengine wanavyoweka maua. Yapo ya wali ulioganda, yapo ya maziwa yaliyomwagika, na moja lilikuwa na kitu ambacho hata binti yangu nesi alikivalia glovu kwanza. Yameandikwa majina kwa chini. Na wewe unanijua, tumelelewa na mama mmoja: mimi siwezi kunywa chai yangu kwa amani huku chombo kichafu kinanitazama. Kwa hiyo nayaosha. Kila asubuhi kabla sijagusa cherehani nimeinama kwenye karai, naosha masufuria ya watu nisiowajua, mimi, niliyesema kwamba haijioshi. Ulimwengu umenisikia, umenielewa, umeniletea niioshe.

Na huo si mwisho. Wenyewe wakirudi wanayakuta yanang'aa. Kwa vile hawajaniona nikiyaosha, wamekwenda kutangaza kwamba mlangoni kwa Mama Kitinda sufuria hujiosha yenyewe. Yaani nimekanushwa mlangoni kwangu, kwa mikono yangu, kwa sabuni yangu.

5. Binti yangu alinisomea gazeti la huko mliko. Kuna msomi mmoja, mchambuzi wa muziki, ameandika ukurasa mzima. Anasema sufuria ni dhamiri ya mwanadamu. Maharage ni tamaa za ujana. Moshi ni historia. Na yule mama ambaye anasikika katika wimbo lakini haonekani, anasema, ni Serikali. Naomba umjulishe kwamba mimi si Serikali. Maharage yalikuwa maharage, na yaliungua kwa sababu niliomba mtu mmoja ayaangalie kwa muda mfupi nikipima dirisha la jirani, na mtu huyo alikuwa chumbani akitafuta noti ya gitaa. Msomi huyo anamalizia kwa kusema wimbo ni kilio cha kizazi kilichotelekezwa. Kilichotelekezwa ni jiko.

6. Sasa nafika kwenye wizi. Kwa muda mrefu nilikuwa naitafuta sufuria yangu kubwa. Nilimshuku jirani wa kushoto, tukanuniana. Nikamshuku wa kulia, naye tukanuniana, mpaka nikawa sina wa kumwazima hata kiberiti. Halafu nikamwona Kitinda kwenye televisheni, katikati ya jukwaa, mataa yote yamemwelekea, anainua kitu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na uwanja mzima unapiga mayowe. Nikaitambua kwa mshikio uliolegea na kwa ule mbonyeo wa ubavuni. Ndugu Meneja, ile ni sufuria yangu ya maharage.

Nimefanya uchunguzi. Kamba Tatu, ambaye hajui kuficha kitu na ndiyo maana nampenda, amemwambia binti yangu kila jambo. Sufuria yangu husafiri kwenye sanduku lenye sponji. Ina mlinzi wake. Kwenye ndege ina kiti chake, cha dirishani, na inafungwa mkanda. Imevuka bahari tatu. Mimi niliyepika nayo tangu Kitinda yuko tumboni sijapanda hata ngazi ya ndege. Wala sina kinyongo na sufuria, haikuomba kusafiri. Lakini hapa ndipo damu ilipopanda: kamera ilipoisogelea, nikaona ukoko. Ukoko wa maharage yale yale! Nikauliza. Nikaambiwa fundi mitambo wenu anasema ukoko ndio unaoipa mlio wake inapogongwa na mwiko, na kwa hiyo kuna mkataba, wenye muhuri na saini yako wewe, mtoto wa mama yangu, unaosema kwamba sufuria hiyo isioshwe mpaka ziara iishe.

Naomba usome tena sentensi hiyo ya mwisho. Kisha umfikirie marehemu mama.

7. La mwisho ni dogo. Pale Kitinda anapoimba "Ukiitwa", uwanja mzima unajibu "Naam!" Nimeona nchi baada ya nchi. Watu wa lugha nyingine kabisa, vijana wenye nywele za kijani, polisi wa getini, wote kwa pamoja: Naam! Wamefundishwa neno hilo moja na wanalisema vizuri kuliko watoto wa shangazi yetu. Mimi katika nyumba ile niliita miaka yote. Nilipata "nakuja". Nilipata "subiri kidogo". Nilipata mlio wa gitaa. Naam sikuipata hata siku moja. Sasa inatolewa bure kwa mtu yeyote mwenye tiketi, na mwenye kuita nimekaa hapa na sindano mdomoni.

Nimemkumbuka mwanangu, Ndugu Meneja. Nimeliandika hilo hapa katikati ya karatasi, baada ya hoja zote, nikitumaini utakuwa umeshachoka na utalipita. Chumba cha nyuma kimya. Nimepanga majora yote vizuri na sasa natamani mtu ayavuruge. Huwa anapiga simu, hilo sikatai, lakini hupiga akiwa anakimbia, na mama hawezi kumgombeza mtu anayekimbia. Mlisema miji michache. Kila nikihesabu iliyobaki, redio inaongeza mingine, na moyo wangu hauna tena pa kushika.

Kutokana na hayo, naleta maombi yafuatayo, nikianza na lile la busara.

Ziara isitishwe mara moja na mwanangu arudishwe nyumbani, yeye na sufuria, kwa ndege ile ile, na safari hii dirishani akae yeye.

Ikiwa hilo haliwezekani kwa sababu ya mikataba, kwa kuwa siku hizi mkataba una nguvu kuliko mama, basi katika kila uwanja liwekwe beseni jukwaani. Kabla ya wimbo kuanza Kitinda aioshe sufuria mbele ya watu, ndani na nje, kwa chuma cha kusugulia, aisuuze na kuifuta. Watu wasubiri. Mlio ukipotea, Tofali atafute njia nyingine. Ana mikono miwili na ameniharibia sponji, hawezi kushindwa.

Ikiwa na hilo halikubaliki, basi kila aliyeimba wimbo huo anadaiwa. Mtu hawezi kutangaza mbele ya umati kwamba sufuria haijioshi halafu akaondoka mikono mikavu. Mkikusanya watu wa uwanja mmoja tu, mkawaelekeza kwa utaratibu, wanaweza kuosha vyombo vya mji mzima kabla ya chai, na mji ukashukuru, na sifa zikaenda kwa bendi. Ziara ya namna hiyo ningeiunga mkono.

Na ikiwa hayo yote ni mazito, lipo ombi la nne, na nimelifikiria sana nikishona pazia la zahanati. Maneno ni yangu. Hasira ni yangu. Sufuria ni yangu. Sauti yenyewe, wanaoijua wanajua ameitoa wapi. Kwa mantiki ya kawaida, aliyepaswa kuwa jukwaani ni mimi. Basi Kitinda arudi akae kwenye cherehani, amalize mapazia ya zahanati, yameshapimwa na bado pindo tu, na mimi nije niendelee na awamu ya pili. Mavazi ninayo. Sihitaji kufundishwa wimbo. Nahitaji tu mwiko wa mbao, usiwe wa plastiki, na umwambie Tofali kwamba mimi nikifika mbili sirukii tatu, napita kwanza mbili na nusu, na asithubutu kuingia kabla.

Nategemea jibu lako la maandishi. Usinijibu kwa kunitumia fulana yenye picha ya sufuria. Ninazo tayari, baba watoto anavaa moja na nyingine tunafutia vioo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nisalimie Kamba Tatu, mwambie kamba za gitaa siku hizi zinauzwa zote sita, asione aibu. Nisalimie Tofali, na mwambie nimemsamehe kuhusu sponji. Nisalimie fundi mitambo, huyo wa ukoko, mwambie tutaonana. Dereva wa basi apunguze mwendo. Mlinzi wa sufuria nampongeza kwa kazi nzuri, inaonekana haijapata mbonyeo wa pili. Baba watoto anawasalimu, binti yangu anawasalimu, majirani wa kushoto na kulia wanawasalimu kwa kuwa tumepatana. Mwanangu mwambie mama yake hajambo, na kwamba hana neno.

Mimi, mlalamikaji mbele ya ofisi yako na dada yako nje ya ofisi,

Mama Kitinda,
Fundi wa Mapazia.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha kukatia nyuzi, uniwie radhi kwa tundu.

Simu imelia nikiwa kwenye cherehani. Alikuwa Kitinda. Nyuma yake kulikuwa na mvumo ambao nilidhani ni mvua, kumbe ni watu. Hakusalimia. Akasema, mama, niite. Nikamwuliza nikuite vipi, na wewe uko huko na mimi niko huku? Akasema nimwite kama ninavyomwita, ataweka simu kwenye maikrofoni. Akasema siku hizi kila akifika kwenye "Ukiitwa" anageuka kutazama nyuma, kwa sababu watu wote wanaitika na anayeita si mimi.

Basi nikaita. Sikuimba, niliita. Kitindaaa! Kama vile ukuta ungali kati yetu. Cherehani ilitikisika. Na uwanja mzima, Ndugu Meneja, wewe ulikuwepo, unajua, uwanja mzima ukanyamaza. Hakuitika hata mmoja, maana walielewa si wao walioitwa. Halafu yeye akasema, "Naam, mama." Mara ya kwanza tu. Sikurudia.

Sikuwa nimejiandaa. Katika maisha yangu sikuwahi kuitikiwa na Kitinda mara ya kwanza, kwa hiyo sikujua kinachofuata ni nini. Nikamwuliza kama amekula. Kelele iliyotoka kwenye simu ilimleta baba watoto mbio kutoka kibandani kwake na mteja nusu amenyolewa, na yule mteja akaja nyuma yake, na jirani wa kushoto, na jirani wa kulia, na foleni yote ya wanaotaka kugombezwa, tukajaa chumba cha nyuma tukirukaruka juu ya majora yangu, na mimi nikiwa mbele yao.

Kwa hiyo popote nilipoandika "isitishwe", pasomeke "iongezwe". Maombi mengine yote yafutwe. Ukoko uachwe kama ulivyo. Nijulishe tu mji unaofuata ni lini, na ni saa ngapi kwa saa za huku, ili siku hiyo nifunge duka mapema nikae karibu na simu. Nitamwita.